Mkaratusi wa mpakani: uchambuzi wa kisa cha mti wa hatari kwenye kiwanja cha mtu, Moshi

Kisa hiki kilifika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria kama ugomvi wa majirani, na kwa wiki mbili tulikishughulikia hivyo hivyo. Wakati huo mti ulikuwa umeshageuza upande wa kuangukia, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amegundua. Majina, mtaa na namba za viwanja nimeviondoa. Wahusika nitawaita Mama na Mwalimu, kama majirani wenzao wanavyowaita.

Viwanja viwili

Mama ni mjane, miaka sabini na kitu. Aliingia kwenye kiwanja kile enzi ambazo mtaa mzima ulikuwa shamba la mahindi. Nyumba yake iko kaskazini mwa mpaka, upande wa mlima. Kusini yake yuko Mwalimu, mstaafu, ambaye kiinua mgongo chake alikimalizia kwenye vyumba sita vya kupangisha. Kati yao hapakuwa na ukuta. Palikuwa na mstari wa masale, mimea ya majani inayopandwa kuonyesha mpaka, kama mipaka mingi ya Uchagani, na ndani ya eneo la Mama, karibu mita moja na nusu kutoka kwenye masale hayo, ulisimama mkaratusi mmoja.

Marehemu mumewe alipanda minne. Mitatu iligeuka boriti na ada za shule, huu wa nne ukabaki. Tulipoupima kwa futi kamba, shina lilikuwa na kipenyo cha sentimita 60 kwenye usawa wa kifua. Urefu hatukuupima, ila ulikuwa umeyapita mabati ya nyumba zote mbili mara tatu au nne. Ulikuwa umeinama kidogo kuelekea kusini, kwa Mwalimu.

Malalamiko ya Mwalimu yalikuwa ya kawaida kwa yeyote aliyewahi kuishi chini ya mkaratusi: majani yanaziba gata, magome yanabambuka na kujaa uani, na usiku wa upepo wapangaji hawalali. Alimwambia Mama mara tatu, zote kwa mdomo, zote wakiwa wamesimama kwenye masale. Mama alimjibu kwamba mti ameukuta, amekuja mwenyewe chini yake. Hakuna aliyeandika chochote.

Mambo yalivyofuatana

Mwezi wa tisa Mwalimu alimwita kijana mwenye panga na msumeno wa mkono, akakata matawi yote yaliyovuka mpaka, kuanzia chini mpaka pale ngazi ilipofika. Yaliyobaki juu kijana aliyapandia. Kisha matawi yakarushwa upande wa pili wa masale. "Mali yako hiyo, Mama," alisema Mwalimu. Kisheria, kama nitakavyoeleza, alikuwa sahihi kwa karibu kila alichofanya siku ile. Ila kuanzia hapo, yeye aliyekuwa akimwamkia Mama shikamoo kila asubuhi akawa anapita kimya.

Mwezi wa kwanza akaanza kujenga ukuta. Fundi alichimba mtaro wa msingi wenye kina cha mita moja hivi, ukifuata mpaka kwa upande wa Mwalimu, mita 1.8 kutoka kwenye shina. Humo alikuta mizizi minne minene kama mkono wa mtu mzima, akaikata kwa shoka. Akang'oa na masale kwa urefu wa hatua kumi ili apate pa kumwagia udongo.

Mama alipokuja kwetu, mizizi hakuitaja kabisa. Alizungumzia masale. Kwa msomaji asiyetoka huku: isale ni alama ya mpaka, lakini pia ni jani ambalo Mchaga akilibeba kumwomba msamaha mtu aliyemkosea, huyo mtu hawezi kumfukuza. Kuling'oa kwa jembe na kulitupa kwenye kifusi si jambo dogo. "Yule ni mtoto wa hapa hapa," Mama alisema. "Anajua."

Kabla ya kuja kwetu, kila mmoja alikuwa ameshapeleka barua kwenye ofisi ya mtaa. Ya Mwalimu ilisema mti wa jirani unahatarisha maisha ya wapangaji wake, basi, bila kipimo wala picha. Ya Mama niliisoma mara mbili kwa sababu sikuamini: alikuwa anaomba kibali cha kukata mti wake auze boriti, apate nauli na gharama za kumshitaki Mwalimu.

Mkoani Kilimanjaro, ukikata mti, hata ulioupanda mwenyewe nyuma ya jiko, jiandae kuulizwa kibali. Ombi huanzia mtaani, hupanda kata, hufika kwa afisa misitu, naye hukagua kabla ya kuruhusu. Barua ya Mama iliombea biashara, kwa hiyo ilikaa kwenye foleni ya waombaji wa biashara. Siwezi kumlaumu karani aliyeipokea. Neno "hatari" halikuwemo.

Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, ambao mpaka leo naona ulikuwa mzuri kuliko yote, ulikuwa kufuta barua zote mbili na kuandika moja. Tuliwaambia: kesi ya nani kakosea itakuwepo hata mwezi wa saba, ila masika inaanza mwezi wa tatu na haisubiri. Barua mpya iliombea ukaguzi wa mti wa hatari. Ilitaja kipenyo cha shina, umbali wa mtaro, idadi na unene wa mizizi iliyokatwa, umbali wa nyumba zote mbili, na ilikuwa na picha sita za simu. Picha moja inaonyesha futi kamba iliyolazwa kati ya shina na mtaro ili namba zisomeke. Wote wawili walisaini, Mwalimu kwa kalamu yake mwenyewe aliyoitoa mfukoni, Mama kwa kalamu ya ofisi. Hakutaka kuishika ile ya Mwalimu.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutokwenda baraza la kata kwanza. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata kwenye migogoro ya ardhi halihukumu tena, linasuluhisha, na limepewa siku 30. Siku 30 kuanzia katikati ya Februari zinakufikisha ndani ya mvua. Tuliona bora baraza libaki kwa ajili ya fidia kama itahitajika, na mti ushughulikiwe kwa njia ya kibali.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mbovu, na ni wangu. Nilitazama mti umeinamia kusini, nikamshauri Mwalimu awahamishe wapangaji wa vyumba viwili vya karibu mpaka ukaguzi ufanyike. Alitii. Akapoteza kodi ya vyumba hivyo. Mama na wajukuu wawili tukawaacha wanalala chumba cha uani, mita saba kutoka kwenye shina, kwa kuwa "mti hauangalii huko".

Siku ya ukaguzi

Afisa misitu alifika baada ya siku tisa. Hakuanza kwa kutazama juu. Alipiga magoti kati ya shina na mtaro, akafagia majani kwa kiganja, na hapo tukaona ufa kwenye udongo, umejipinda kama upinde kuzunguka upande wa kusini wa shina. Kijiti cha kiberiti kiliingia chote. Akatuambia tukae kimya tungoje upepo. Ulipokuja kutoka upande wa TPC, kiwanda cha sukari kilicho kusini mwa mji, kilele kilisogea kaskazini na ufa ukafunguka kiasi cha kidole kuingia. Upepo ulipotulia, ukajifunga. Ukafunguka tena. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe cha chai. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo unakuja kwangu?"

Ndivyo ilivyokuwa. Mti wenye mizizi kamili hushikwa zaidi na mizizi ya upande unakotoka upepo. Hiyo ndiyo inayovuta kama kamba za hema. Mwalimu alikuwa amekata kamba za kusini. Miezi minne kabla alikuwa ameondoa pia matawi ya kusini, kwa hiyo uzito wote wa juu ulibaki kaskazini, na kule kuinama kidogo kwa shina hakukutosha tena kuufidia. Na kusi, upepo wa kuanzia Aprili, hutoka tambarare kupanda mlimani: kutoka kwa Mwalimu kwenda kwa Mama. Kwa muda wote ambao sisi tulikuwa tunavihurumia vyumba vya wapangaji, mti ulikuwa unaelekea kwenye kitanda cha bibi na wajukuu wake.

Jioni ile ile tuliwahamishia sebuleni, upande wa barabarani. Wapangaji wakaambiwa warudi.

Mjumbe mmoja wa mtaa alipendekeza mti ukatwe kiunoni, kama watu wengi wanavyofanya, ubaki nusu. Afisa alikataa kwa sababu mbili. Mizizi iliyokatwa hairudi, kwa hiyo hata nusu ya shina itakuwa imesimama kwenye mguu mmoja. Na mkaratusi ukikatwa kiunoni huchipua machipukizi mengi mazito yanayoshika kwenye gome tu, si kwenye moyo wa mti. Baada ya miaka michache ndiyo yanayoanza kudondoka. Kibali kikatoka cha kuuondoa wote, kwa masharti: ushushwe vipande vipande kwa kamba, chensoo iwe iliyosajiliwa, laini ya umeme inayopita mbele ya nyumba izimwe wakati wa kazi, na miti mitatu ipandwe badala yake.

Kazi ilivyofanyika

Kijana wa Mama aliyeko Dar alituma fundi wake wa bei rahisi. Alifika na chensoo bila kamba hata moja, akautazama mti, akasema ataulaza kwenye mtaro. Tulimrudisha. Fundi wa pili alikuwa ghali karibu mara mbili lakini alikuja na mpandaji, kamba nene mbili na mkanda. Kila tawi alilianza kwa mkato mfupi wa chini, kisha wa juu, ili lisichane gome likining'inia, halafu likashushwa polepole. Siku mbili. Watu wa umeme walizima laini kwa saa tulizokubaliana. Bati halikupondeka hata moja. Mvua kubwa ya kwanza ilikuja siku tano baadaye.

Tulichosahau ni lori. Mnunuzi wa boriti alikuja jioni na Fuso, akapakia, na mtendaji wa mtaa akaisimamisha kabla haijatoka kwenye kona. Kibali cha kukata si kibali cha kusafirisha. Mazao ya misitu yanahitaji hati yake ya kusafirishia, ile watu wanayoiita TP. Magogo yalishushwa tena uani kwa Mama, yakakaa huko siku kadhaa, na mnunuzi akashusha bei kwa "usumbufu".

Kikao

Tulikaa ofisi ya mtaa, mwenyekiti akiongoza. Nilikuwa nimeandaa kurasa tatu za hoja. Mwalimu aliingia akiwa ameshika jani la isale, amelifunga fundo. Sikuwa nimemshauri. Hakusema neno, alilinyoosha tu kwa mikono miwili, na Mama akalipokea bila kumtazama usoni. Kurasa zangu sikuzifungua mpaka baada ya robo saa, na hata hapo kwa ajili ya hesabu tu.

Walikubaliana hivi: gharama ya kuushusha mti nusu kwa nusu, boriti na kuni za Mama, masale yapandwe upya kwa gharama ya Mwalimu, na ukuta uendelee. Kodi ya vyumba viwili haikulipwa na yeyote. Nilimwambia Mwalimu mbele ya kikao kwamba hasara ile ilitokana na ushauri wangu. Alinijibu kwamba amefundisha miaka thelathini na amewahi kusahihisha vibaya. Yote yakaandikwa na kusainiwa, nakala tatu.

Uchambuzi: haki ya kukata

Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, vinavyoota kwenye ardhi ni sehemu ya ardhi. Mti ulikuwa wa Mama, na wajibu wake pia. Kuhusu yanayovuka mpaka, mahakama zetu hurithi kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza (common law, inayotokana na maamuzi ya mahakama) zilizokuwa zikitumika huko tarehe 22 Julai 1920, kupitia Sura ya 358 ya sheria za nchi. Kanuni yenyewe ni ya zamani. Katika Lemmon v Webb, Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza enzi hizo, lilisema mwaka 1894 kwamba jirani anaweza kukata matawi yaliyoingia kwake bila hata kutoa taarifa, ilimradi asikanyage upande wa mwenye mti. Na Mills v Brooker ya 1919, kesi ya matofaa, iliweka wazi kwamba kilichokatwa bado ni mali ya mwenye mti. Kwa hiyo Mwalimu kukata matawi yaliyovuka kulikuwa ndani ya haki yake, na mizizi iliyoingia kwake nayo alikuwa na haki ya kuikata. Kilichokuwa nje ya haki yake ni kijana kuupanda mti wa Mama, na kung'oa masale, kwa kuwa mpaka ni wa wote wawili.

Lakini haki hiyo inakuambia tu kwamba hutashitakiwa kwa kuingia mali ya mtu. Haikuambii kwamba mti utabaki umesimama. Wataalamu wa miti ya mijini hutumia kipimo rahisi: zidisha kipenyo cha shina mara 12, upate umbali ambao ndani yake hupaswi kuchimba bila kuuliza. Sentimita 60 mara 12 ni mita 7.2. Mtaro ulikuwa mita 1.8. Angejua hesabu hiyo, angeweza kuliruka eneo hilo kwa nguzo mbili na mkanda wa zege wenye nondo juu yake, kama fundi wake alivyofanya hatimaye, maana mizizi ikioza chini ya msingi inaacha shimo.

Na kama mti ungemwangukia Mama, swali la nani alaumiwe lingekuwa gumu. Mama alikuwa na mti, Mwalimu alikuwa amefanya vitendo viwili halali ambavyo kwa pamoja viliugeuza. Nafurahi sikulazimika kulijibu mbele ya hakimu.

Uchambuzi: barua

Mwenye mti hawajibiki kwa kila tawi linalodondoka. Mwaka 1926 huko Uingereza, katika Noble v Harrison, tawi lililoning'inia juu ya barabara lilivunjika likaharibu gari la abiria, na mwenye shamba hakulipa, kwa sababu kasoro ilikuwa ndani ya tawi na haikuonekana. Kesi hiyo ni ya baada ya 1920, hivyo kwetu inashawishi tu, ila mantiki yake ndiyo mahakimu huifuata: je, alijua, au alipaswa kujua? Barua yenye vipimo inamfanya mtu ajue. Maneno matatu yaliyosemwa kwenye masale yanamfanya mtu aseme "sikumbuki". Mwalimu angeandika barua ya kwanza miezi minne kabla, na kuambatanisha picha, angeweza kupata ukaguzi kabla hajaanza kukata chochote.

Jambo jingine nililojifunza kuhusu barua ni kwamba neno la kwanza linaamua meza itakayoisoma. "Naomba kukata" inaangukia kwenye uvunaji. "Naomba ukaguzi wa mti wa hatari" inaangukia kwenye usalama, na mkaguzi anapofika anaangalia udongo, si ubora wa mbao.

Kilichoshindikana

Ukiniuliza kosa kubwa lilikuwa lipi, sitataja lori wala fundi wa bei rahisi. Sisi tuliona mti umeinama, tukadhani tunajua. Kuinama kwa miaka mingi mara nyingi ni tabia ya mti tu, mizizi yake imeshajipanga kwa hali hiyo. Kinachotisha ni mabadiliko ya karibuni: udongo uliopasuka, mtaro mpya, matawi yaliyoondolewa upande mmoja, uyoga mgumu unaoota kwenye kitako cha shina. Vitatu kati ya hivyo vinne tulivipita kwa miguu siku ya kwanza tukienda kuangalia juu. Sasa fomu yetu ya kisa cha mti inaanza na mstari wa "nini kimebadilika hapa kwa mwaka uliopita", na mstari wa "mti umeinamia wapi" uko chini kabisa.

Kisiki nacho kimekuwa na vituko vyake. Mwezi mmoja baada ya kukatwa kilitoa machipukizi zaidi ya ishirini, na Mama huyakata kwa panga kila Jumamosi. Miti mitatu ya masharti: miparachichi miwili imeshapandwa nyuma ya jiko, mbali na mpaka. Wa tatu ni mringaringa. Mama anautaka pale pale ulipokuwa mkaratusi, Mwalimu anauomba usogee mita tatu. Bado uko kwenye kiriba chake, kando ya bomba, unamwagiliwa na yeyote kati yao anayeamka mapema.